Baraba Alikwenda Wapi? Uhakiki wa Mahubiri Yetu juu ya Wafungwa

Injili zote nne zinamtaja Baraba, na zote nne zinamwacha pale pale anapofunguliwa. Mathayo anamwita mfungwa aliyejulikana sana; Marko na Luka wanaeleza kwamba alikuwa kifungoni kwa sababu ya uasi na uuaji; Yohana, kwa neno moja tu, anamwita mnyang'anyi. Kisha anafunguliwa, umati unageuka kumtazama Mwingine, na Baraba anatoweka. Alilala wapi usiku ule? Nani alimpa chakula? Ndugu za mtu aliyeuawa katika uasi ule walisema nini walipokutana naye njiani? Wainjilisti hawasemi, nasi hatuwalaumu, maana habari waliyokuwa wakiiandika ilikuwa nyingine. Lakini sisi wahubiri tumefanya nini na kimya hicho? Kila Ijumaa Kuu tunamtumia Baraba kuonyesha upumbavu wa umati, halafu tunamfukuza jukwaani. Ni jambo la kushangaza kwamba mtu wa kwanza ambaye, kwa maana iliyo wazi kabisa, Kristo alikufa mahali pake, hana hata nyumba katika mahubiri yetu.

Mwandishi wa Uswidi, Pär Lagerkvist, aliliona pengo hilo. Riwaya yake iitwayo Barabbas, iliyotolewa mwaka 1950, mwaka mmoja kabla hajapewa Tuzo ya Nobel, yote yahusu siku zilizofuata kufunguliwa kwa mtu huyo: mtu aliye huru asiyejua auweke wapi uhuru wake, asiyeweza kuamini wala kusahau. Haifai kitabu kile kitumike kama ufafanuzi wa Maandiko. Walakini swali lake ni swali la kichungaji kabisa, na lilipaswa kuulizwa na wachungaji kabla ya kuulizwa na mtunzi wa riwaya.

Madai ya makala hii ni haya: mahubiri yetu yamempenda mfungwa asiye na hatia, na kwa ajili hiyo hayajui la kufanya na mfungwa mwenye hatia siku anaporudi nyumbani. Tazama orodha ya wafungwa tunaowahubiri. Yusufu alisingiziwa. Yeremia alitiwa shimoni kwa sababu ya neno la Bwana. Danieli hakuonekana na kosa. Yohana Mbatizaji aliusema ukweli mbele ya mfalme. Petro, Paulo na Sila walifungwa kwa ajili ya Injili. Hawa wote, malango yakifunguka, sisi hushangilia kwa moyo mweupe, kwa kuwa hayakupaswa kufungwa juu yao tangu mwanzo. Mwenye hatia tunayempenda ni mmoja tu, yule mhalifu aliyetubu msalabani. Naye, naomba msomaji anisamehe kwa kusema hivi, alikuwa na sifa moja iliyotusaidia sana: alikufa siku ile ile. Hakurudi kijijini kwake. Hapana mtu aliyelazimika kumpa chumba wala jembe, wala hapana aliyelazimika kukaa naye benchi moja pamoja na yule aliyemwibia. Tumempa mbingu kwa ukarimu, kwa kuwa hakutuomba kiwanja.

Fasihi yetu ya Kiswahili haikutusaidia sana katika jambo hili, ingawa imetupa vitabu vya gereza vilivyo bora. Diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973, ni ya mtu aliyefungwa nchini Kenya toka mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya siasa. Haini ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 2003, ni habari ya watu waliokamatwa Zanzibar baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972. Lakini kielelezo kilicho wazi kuliko vyote ni Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni. Karama, anayeshtakiwa na waziri Majivuno, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja alitumwa kwenda mbali, akarudi na mambo ya kuifaa nchi yake, na malipo yake yakawa kifungo. Mwishowe mashtaka yanaanguka, na wale waliofungwa wanafunguliwa.

Wahakiki wengi wamekisoma kitabu hiki kama shtaka dhidi ya utawala wa kikoloni, na wamesoma sawasawa. Mimi nataka kutazama jambo dogo zaidi. Katika Kusadikika kurudi nyumbani ndiko kunakoleta kifungo. Lakini kutoka kifungoni hakuleti safari yoyote ya kurudi nyumbani. Wajumbe wanatoka, na kitabu kinafunga. Msomaji hawasindikizi mpaka milangoni mwao. Shaaban Robert hakuhitaji kutusindikiza, kwa kuwa wajumbe wake ni wema na haki imewarudia. Hadhi yao iko palepale, tena imeongezeka. Mtunzi anayemtoa gerezani mtu mwema aweza kuweka kalamu chini. Anayemtoa gerezani mwizi wa korosho hana ruhusa hiyo, maana hadithi yake ndipo inapoanza. Na hadithi hiyo, katika Kiswahili, bado inangoja mwandishi.

Kwa Walutheri jambo hili si dogo. Kifungu cha nne cha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 hakisemi juu ya kuhesabiwa haki kwa watu wema waliosingiziwa. Kinasema juu ya wenye dhambi, wasio na kitu mkononi, wanaohesabiwa haki bure kwa ajili ya Kristo. Kanisa lenye ungamo la namna hiyo, likiwa na neno kwa ajili ya Yusufu bila kuwa na neno kwa ajili ya Baraba, limesahau sehemu ile ya urithi wake ambayo hudai kuijua kuliko wengine.

Tuje sasa kwenye fungu linalotawala huduma yetu ya magereza, yaani Mathayo 25. Kwaya hujiandaa, akina mama hukusanya sabuni, sukari na mafuta ya kujipaka, gari hukodishwa, na katika majuma ya Krismasi au Pasaka tunakwenda Ukonga, Keko au Segerea. Sina neno la kuidharau kazi hiyo; wafungwa wenyewe huithamini, na Bwana ameitaja kwa kinywa chake. Ninachohakiki ni jinsi fungu linavyofafanuliwa. Tunalisoma kana kwamba kifungo ni mahali na wala si hali ya mtu. Kwa hiyo mtu akiisha kutoka mahali pale, fungu halimhusu tena. Lakini katika orodha ile ile, kabla ya mfungwa wako mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, asiye na nguo na mgonjwa. Mtu anayetoka lango la Ukonga leo asubuhi, saa nne amekwisha kuacha kuwa mfungwa na amekuwa mgeni. Jioni huenda akawa mwenye njaa. Hakutoka katika fungu, ila amehama kifungu. Kanisa lililomwimbia Desemba halimtambui Machi.

Ili neno lisielee hewani, tuchukue mahali palipo halisi. Barabara ya Pugu inayopita Ukonga huendelea Gongo la Mboto, kisha Pugu, kisha Kisarawe. Huko Wamisionari wa Berlin walifungua vituo vyao miongoni mwa Wazaramo katika miaka ya 1890, Kisarawe kwanza na Maneromango baadaye. Mzenga, kata ya wilaya hiyo iliyo kwenye reli ya TAZARA, si mbali na gereza hilo kwa hesabu ya kilomita. Kwa mtu anayerudi baada ya kifungo kirefu, ni mbali mno.

Tuseme mtu wa huko alihukumiwa mwaka 2004 miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 humpa mfungwa mwenye mwenendo mwema punguzo la theluthi moja ya kifungo. Basi mtu wetu ametoka mwaka 2024, baada ya miaka 20. Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 haikumfaa; mlango wake ni kwa waliohukumiwa miaka minne au zaidi waliokwisha kutumikia theluthi moja, na imewatoa nje wenye vifungo vya maisha, wenye makosa ya unyang'anyi wa kutumia silaha, ya dawa za kulevya na ya kujamiiana. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 nayo ni ya vifungo visivyozidi miaka mitatu. Naelewa sababu ya mipaka hiyo. Wananchi wana haki ya kulindwa. Lakini angalia matokeo. Mwenye kosa la kati hutoka mapema akiwa chini ya uangalizi wa afisa wa parole anayemjua kwa jina. Mwenye kosa kubwa, aliyekaa ndani muda mrefu kuliko wote na kusahau mengi kuliko wote, hutoka bila uangalizi huo. Anayehitaji kushikwa mkono zaidi ndiye anayeachiwa njia peke yake.

Na njia yenyewe imebadilika. Alipoingia, fedha zilitumwa kwa bahasha mkononi mwa dereva. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Vitambulisho vya Taifa vilianza kutolewa mwaka 2013, naye yuko ndani. Tangu Januari 2020 laini ya simu isiyosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho hicho haitumiki. Basi mtu huyu, hata kama yuko mjomba aliye tayari kumtumia shilingi elfu kumi, hana namba ya kupokelea. Ili apate laini anahitaji kitambulisho, ili apate kitambulisho anahitaji barua ya serikali ya kijiji au mtaa, na ili apate barua anahitaji mtu wa kusema, huyu ni wetu, tunamfahamu. Hapo ndipo teolojia inapogusa ardhi. Serikali yenyewe, kwa utaratibu wake wa kawaida, inauliza swali la Kanisa: nani anamkiri mtu huyu?

Nimesema ardhi, na iko ardhi ya kweli pia. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, shamba lisilokaliwa wala kutumiwa kwa miaka isiyopungua mitano laweza, kwa kufuata taratibu, kuhesabiwa kuwa limeachwa. Tena bila sheria yoyote ndugu huuza. Kisarawe iko karibu na Dar es Salaam, na watu wa mjini wanatafuta mashamba. Wanafunzi wa Agano la Kale watakumbuka miji ya makimbilio katika Hesabu 35. Mwuaji asiyekusudia alikaa ndani ya mji wa makimbilio mpaka kifo cha kuhani mkuu, kisha Torati inampa haki iliyotajwa kwa uwazi: kurudi katika nchi ya milki yake. Haisemi tu kwamba atoke. Inataja milki. Watunga sheria wa Israeli walijua kwamba kutoka bila mahali pa kwenda ni nusu ya kutoka.

Sasa tusome Filemoni. Waraka huu kwa kawaida tunauhubiri kama habari ya msamaha kati ya bwana na mtumwa, na wengine wameutumia vibaya kama kibali cha utumwa. Mimi naomba tuusome kama kazi ya mfungwa anayepanga marejeo ya mtu mwingine, tena na ya kwake mwenyewe. Onesimo hakutumwa peke yake. Tukilinganisha na Wakolosai 4:7-9 tunaona kwamba alisafiri na Tikiko, ndugu aliyeaminiwa na makanisa. Mtu aliyeondoka nyumbani kwa aibu anarudi akiwa na shahidi kando yake. Waraka umeandikwa kwa Filemoni, lakini anwani yake inawataja Afia na Arkipo na kanisa lililo katika nyumba yake. Yaani shauri la nyumba moja limesomwa mbele ya usharika, ili mwenye nyumba asiweze kumpokea mgeni kwa maneno na kumtesa jikoni. Katika aya ya 18 na 19 deni halifichwi. Paulo hasemi kwamba yaliyopita yamepita. Anachukua kalamu kwa mkono wake mwenyewe na kuahidi kulipa. Na katika aya ya 22, ambayo sikumbuki kuisikia ikihubiriwa hata mara moja, mfungwa Paulo anaomba atengenezewe mahali pa kukaa, maana anatumaini kuachiliwa. Aya hiyo moja ingetosha kuwa msingi wa huduma yote ninayoizungumzia. Mtume hakuona aibu kuomba chumba.

Iko hatari katika usomaji huu, nami sipendi kuificha. Onesimo alirudi kwa mtu mwenye mamlaka juu yake, na hatujui alipokewaje. Tukiupamba waraka kupita kiasi tutafika mahali pa kumwambia aliyeumizwa kwamba ni lazima ampokee aliyemwumiza, na kesho yake. Hilo si Injili. Msamaha wa Rais wa tarehe 9 Desemba 2017 ulitufundisha kitu hapa. Siku ile wafungwa 8,157 walipata msamaha, na 1,828 kati yao walitakiwa kutoka mara moja. Taifa zima lilizungumza habari za wawili tu, wanamuziki Nguza Viking na mwanawe, waliokuwa wamehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa makosa ya kubaka watoto. Mwezi Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikuta kwamba haki zao katika usikilizwaji wa kesi zilikiukwa kwa sehemu. Siingii katika kesi yenyewe. Nasema tu kwamba tulicheza mitaani bila kuuliza habari za watoto wale, ambao wakati huo walikuwa watu wazima wenye masikio, na bila kuuliza habari za mamia ya wengine waliopanda mabasi siku ile pasipo kupigiwa hata baragumu. Shangwe ya namna ile humwacha aliyeumizwa upweke, na karibu wote waliotoka nao huachwa vivyo hivyo.

Mtu wetu wa Mzenga hataletewa ngoma. Ndugu wa aliyenyang'anywa wako kitongoji cha pili. Mwenyekiti wa kijiji anaogopa lawama. Mchungaji au mwinjilisti anayehudumia upande ule ana mitaa mingi, na watu wake ni wachache kati ya majirani walio Waislamu, jambo ambalo linamlazimu kukaa na imamu katika shauri hili au asifanye lolote. Maana anayerudi huenda ni mtoto wa msikiti, na aliyeibiwa ni wa usharika, au kinyume chake.

Akiwa wa usharika, tunalo neno letu: kurudi kundini. Desturi hii ina mizizi mirefu katika sharika zetu, na nadhani ina hekima, kwa sababu inakataa kwamba dhambi ni jambo la mtu na Mungu wake peke yao. Lakini jinsi inavyotumiwa kwa waliotoka gerezani yahitaji kuhakikiwa. Mtu amehukumiwa hadharani mahakamani, ametumikia hadharani, kisha Jumapili ya kwanza anasimamishwa mbele na kutajiwa kosa lake mara ya tatu. Mamlaka ya funguo haikutolewa kwa kazi hiyo. Katika Walawi 14, mwenye ukoma aliyepona hajileti mwenyewe mpaka katikati ya kambi ili atazamwe na kila mtu. Kuhani ndiye anayetoka nje ya kambi kumwendea. Utaratibu ni huo: mchungaji atoke kwanza. Maungamo yafanyike faraghani, mazungumzo na waliokosewa yafanyike kwa muda wao na kwa hiari yao, na siku ya kusimama mbele ya usharika liwepo jambo moja tu la kutangazwa, yaani kwamba huyu ni wetu, na majina ya wazee wawili watakaokwenda naye ofisi ya kijiji Jumatatu.

Wazaramo hawahitaji kufundishwa na chuo kwamba mtu hatoki ndani peke yake. Marja-Liisa Swantz, katika utafiti wake wa desturi na ishara za Wazaramo uliochapishwa mwaka 1970, alieleza kwa kirefu habari za mwali: binti anawekwa ndani, anafundwa, na siku ya kutolewa nje ni siku ya ukoo mzima. Mwali si mhalifu, na ulinganifu huu una kikomo chake. Hata hivyo linalofaa kuangaliwa ni mpangilio wa kazi. Matayarisho hayaanzi siku ya kutoka. Yuko mtu aliyepewa jukumu tangu ndani, anayejua siku, anayeingia na kutoka, na anayesimama karibu naye mbele ya watu. Kaskazini mwa kata ile ile wanakotoka wali kwa ngoma, mtu aliyekaa ndani miaka 20 anashuka kwenye gari na mfuko wa nailoni, akiuliza njia ya kwao.

Katika vyuo vyetu mwanafunzi huweza kumaliza masomo akiwa amehubiri Mathayo 25 mara kadhaa katika mazoezi, bila kuombwa hata mara moja kuhubiri juu ya Baraba baada ya lango, wala juu ya aya ya 22 ya Filemoni. Hilo laweza kubadilishwa na mwalimu mmoja wa homiletiki katika muhula mmoja. Jambo la pili ni dogo zaidi. Kila mfungwa mwenye kifungo cha muda maalumu ana tarehe ya kutoka iliyokokotolewa na kuandikwa tangu mapema katika kumbukumbu za gereza, na yeye mwenyewe huijua kwa moyo kuliko siku yake ya kuzaliwa. Mchungaji anayekwenda Ukonga na kwaya yake Desemba hii aweza kumwuliza tarehe hiyo na jina la kijiji chake, akaviandika katika kitabu kile kile anamoandika siku za ubatizo na ndoa.